Yah: Ombi la watu wanane na miaka kumi

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya sayansi na elimu ya juu katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nakala kwa Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika Mashariki, Kigali, na kwa Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, Kampala.

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Siombi jengo. Naanza na hilo kwa sababu nimeketi kwenye vikao vya kutosha kujua kwamba neno sayansi likitua mezani, kinachofuata ni ramani ya jengo, jiwe la msingi na utepe wa kukata. Naomba mishahara ya watu wanane kwa miaka kumi, muda wa kutumia kompyuta kuu ambazo tayari zipo mahali pengine, na chumba kimoja ambacho umeme haukatiki. Kazi ya hao wanane itakuwa kukokotoa namna chembe iitwayo kaoni inavyovunjika kwa njia ambazo karibu hazitokei kabisa. Najua mmeshakunja uso. Nivumilieni kurasa chache.

Kaoni ilionekana mara ya kwanza mwaka 1947 Manchester, kwenye picha ambazo George Rochester na Clifford Butler walizipiga za mionzi itokayo angani. Ile yenye chaji huishi kama nanosekunde 12 tu, kisha huvunjika. Mara nyingi hufuata njia zinazojulikana: hutoa chembe nyingine, myuoni na nutrino, au pioni mbili. Ila kuna mara chache mno inapotoa pioni moja, nutrino moja na kinyume cha nutrino, basi. Modeli Sanifu, lile kusanyo la milinganyo linaloeleza chembe zote tunazozijua, inasema jambo hilo hutokea kama mara 8 katika kila kaoni bilioni 100. CERN, maabara kubwa ya chembe mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, wana jaribio liitwalo NA62 ambalo limekuwa likizivizia hizo nane kwa miaka. Septemba 2024 walitangaza kwamba katika data ya 2016 hadi 2022 wamenasa matukio 51, na wanakadiria 18 kati yake ni ya bandia, yaani mivunjiko mingine iliyojifananisha. Wakipiga hesabu yao wanapata 13 katika bilioni 100, na shaka ya 3 juu au chini.

Kati ya 8 na 13 huenda hamna kitu. Shaka bado ni pana. Huenda pia kuna chembe ambayo hajawahi kuiona mtu. Hii ndiyo sababu ya watu wazima kuhangaika na njia adimu. Simama Kariakoo saa sita mchana, mgeni mmoja akipita hutamjua. Lakini kwenye kichochoro wanakopita watu wanane tu kwa mwaka, akipita wa tisa mtaa mzima utamsema. Sharti ni moja: uwe na hakika kwamba walikuwa wanane. Ukisema "wanane au pengine kumi na wawili," wa tisa atapita akikutazama usoni.

Hakika hiyo haitoki kwenye mashine za CERN. Inatoka kwenye hesabu, na hesabu ndiyo inayogoma.

Inagoma kwa sababu kaoni si punje tupu. Ndani yake mna chembe mbili ziitwazo kwaki, zilizofungwa na kani kali, kani ileile inayozifunga protoni zilizomo kwenye kila kitu tunachokigusa. Mwaka 1973 David Gross, Frank Wilczek na David Politzer walionyesha kwamba kwaki zikikaribiana sana kani hii hulegea. Walipewa Nobel kwa hilo mwaka 2004. Inapolegea, kalamu na karatasi vinatosha: unakokotoa kipande kikubwa, unaongeza kidogo, unaongeza kidogo zaidi, na vinavyobaki havina uzito. Kwenye umbali wa ukubwa wa kaoni mambo yanageuka. Kila kipande unachokiongeza ni kikubwa kama kilichotangulia na hesabu haifiki mwisho. Kwenye ule mvunjiko wa nutrino, bahati nzuri, sehemu kubwa ya kazi hufanyika kwa kalamu, na kinachobaki ni mkia unaotokana na aina ya kwaki iitwayo chami. Kwenye mivunjiko mingine adimu ya kaoni, mkia ndio mnyama mwenyewe.

Aliyepata njia ni Kenneth Wilson, mwaka 1974. Alikata anga na wakati kuwa mafundo ya wavu. Wenyewe huuita latisi, lakini sisi wa pwani tuna wavu na tunajua sheria zake: jicho likiwa pana dagaa wanapita, na wavu ukiwa mfupi samaki anazunguka pembeni. Kwa hiyo jicho la wavu huu lazima liwe dogo kuliko kaoni, na wavu wote uwe mpana kuliko kaoni, na hapo ndipo gharama inapopanda. Wavu mmoja uliotumika sana na makundi ya RBC na UKQCD, yanayounganisha watafiti wa Marekani, Uingereza na Japani, una mafundo 48 kila upande wa anga na 96 upande wa wakati. Ukizidisha unapata mafundo zaidi ya milioni 10.6. Kutoka fundo hadi fundo ni kama sehemu moja ya kumi na tano ya upana wa protoni. Maana yake ni kwamba kisanduku kizima, ambacho kompyuta kuu inakitolea jasho miezi kwa miezi, kina upana wa protoni tatu na ushee. Protoni tatu! Nilipolielewa hilo mara ya kwanza nilitoka nje nikapunge upepo.

Kwenye kila uzi kati ya fundo na fundo kuna jedwali la namba, tatu kwa tatu, linaloeleza kani kali mahali hapo. Nyuzi ni zaidi ya milioni 42. Nimepiga hesabu: zote pamoja zinakula gigabaiti 6 na kidogo. Mwanafunzi wangu hubeba zaidi ya hapo kwenye simu, za vichekesho.

Ugumu ni kwamba wavu mmoja ni picha moja tu ya jambo linalochemka bila kutulia. Zinahitajika picha mamia, kila moja ikichaguliwa kwa bahati nasibu yenye kanuni, na kila moja isiwe nakala ya iliyotangulia. Kisha unatafuta wastani. Na bahati nasibu haina huruma: ukitaka kupunguza shaka iwe nusu, unafanya kazi mara nne, ukitaka iwe robo, mara kumi na sita. Hakuna mkato, ila kupata wazo jipya. Ndiyo maana naomba watu kabla ya mashine.

Chukueni mfano mmoja. Mwaka 1964 huko Brookhaven, maabara iliyo karibu na New York, James Cronin, Val Fitch na wenzao wawili waliona kaoni zisizo na chaji, za ile aina iishiyo muda mrefu, zikivunjika kuwa pioni mbili kama mara 2 katika kila 1,000. Kama maada na kinyume chake wangekuwa pacha wanaofanana kwa kila kitu, hilo lisingetokea hata mara moja. Cronin na Fitch walipata Nobel mwaka 1980. Baadaye majaribio ya CERN na ya Fermilab, karibu na Chicago, yakapima tofauti ndogo zaidi iliyojificha ndani ya tofauti hiyo: 16.6 katika kila 10,000, kwa shaka ya 2.3. Kipimo kikawa mezani, kizuri, kimelipiwa. Na hakuna aliyeweza kusema kama Modeli Sanifu inakubaliana nacho, kwa sababu hakuna aliyeweza kukikokotoa. Fikirieni mhasibu aliyepokea taarifa ya benki iliyo sahihi hadi senti, naye hana daftari lake mwenyewe la kulinganisha.

RBC na UKQCD walijitwika mzigo huo. Mwaka 2001 Laurent Lellouch na Martin Lüscher walikuwa wamechapisha namna ya kupata jibu la ulimwengu mpana kutoka kwenye kisanduku chembamba ambamo pioni mbili hazina pa kukimbilia. Njia ikawepo, safari ikabaki. Mwaka 2015 kundi lilitoa jibu lake la kwanza kamili: 1.4 katika 10,000, shaka ikikaribia 7. Walikuwa wametumia nyavu 216, na kazi ilikula saa milioni 200 za vichakato. Mbona mbali hivyo na 16.6? Wapo walioanza kuandika makala kuhusu chembe mpya. Wenyewe hawakupiga vigelegele. Walirudi kazini, wakafikisha nyavu 741, na katika kuangalia upya wakagundua kwamba namna yao ya kuzitambua zile pioni mbili ilikuwa ikichanganya hali moja na nyingine. Wakaibadilisha. Mwaka 2020 jibu likawa 21.7, shaka ya takriban 8. Linakubaliana na kipimo.

Miaka mitano, namba moja, na chembe mpya haikupatikana. Nawasikia mkiuliza kilichopatikana ni nini. Kilichopatikana ni daftari la mhasibu. Kabla ya hapo lilikuwa halipo.

Kuna namba nyingine ninayoipenda zaidi, na huwa nawaandikia wanafunzi ubaoni siku ya kwanza ya muhula. Mwaka 2022 baadhi ya watu haohao walichapisha hesabu ya kaoni inayovunjika kuwa pioni na jozi ya elektroni au myuoni, na safari hii kwa kwaki zenye uzito wake halisi. Kipimo cha majaribio, cha namba moja inayoueleza mvunjiko huo, ni karibu −0.6. Wao waliandika −0.87, na shaka ya 4.44. Shaka ni mara tano ya jibu lenyewe! Sababu wanaijua: vipande viwili vikubwa vya hesabu vinapaswa kufutana, na vikisha kufutana kinachobaki kinazama kwenye kelele za bahati nasibu. Njia inafanya kazi, kelele bado. Waliyaandika hayo waziwazi, pamoja na wanachofikiri cha kupunguza kelele. Sasa nitafutieni ripoti moja ya mradi, kutoka wizara yoyote ya ukanda huu, inayokiri kwamba kosa letu ni mara tano ya tulichokipata, na hapa ndipo pa kuanzia mwakani. Kwa mfumo wetu wa kupima watafiti, huyo angeshaandikiwa barua ya kujieleza.

Na wakati si rafiki. Machi 2024 CERN ilichagua jaribio jingine, SHiP, liingie kwenye ukumbi ambao NA62 inautumia. Pendekezo la kuendeleza kazi ya kaoni, HIKE, likaachwa. Japani, kwenye maabara ya J-PARC, jaribio la KOTO linaendelea kumvizia ndugu wa mvunjiko ule, wa kaoni isiyo na chaji, ambao ni adimu zaidi. Vipimo vilivyokwisha kupatikana vitakaa vikiwasubiri wakokotoaji. Hii ni kazi ambayo mlango wake haujafungwa kwa kukosa mashine ya kuchapua chembe, na sisi hatuna mashine ya kuchapua chembe ya ukubwa wa CERN wala hatutakuwa nayo maishani mwangu.

Ngoja niwaambie yangu. Agosti 2016 nilikuwa Kigali, kwenye Shule ya Afrika ya Fizikia ya Msingi, mmoja wa vijana waliokuja na daftari na njaa ya kujua. Hapo ndipo niliposikia habari za wavu kwa mara ya kwanza. Niliporudi nilirudia, kwa kompyuta ya mezani, hesabu ambayo Michael Creutz aliifanya Brookhaven kuelekea mwaka 1980, ya kani iliyorahisishwa kwenye wavu mdogo. Ilikuwa habari kubwa wakati wake na ilihitaji mashine ya maabara ya taifa. Yangu iliisha kabla ya muadhini wa magharibi. Nikapata kiburi, nikaanzisha hesabu kubwa zaidi kwenye ofisi ya chuo nilichokuwa nikifundisha, ambacho sitakitaja kwa sababu si kibaya kuliko vingine. Siku ya kumi na moja umeme ukakatika. UPS ilikuwa imekufa tangu mwaka uliotangulia na ombi la nyingine lilikuwa kwa afisa ugavi, likisubiri nukuu tatu za bei. Nami, kwa ujinga wangu, sikuwa nimeiagiza programu ihifadhi kazi njiani. Siku kumi na moja zikaondoka kwa mlio mmoja wa feni. Nukuu za bei zilipatikana miezi minne baadaye.

Sijui kama hilo ni kosa la umeme, la ugavi au langu. Nadhani ni langu kwa theluthi moja.

Lakini angalieni kilichobadilika tangu hapo. Mwanafunzi wa Edinburgh anayekokotoa kaoni hagusi kompyuta kuu. Haikai hata kwenye jengo lake. Ipo nje ya mji, naye huingia kwa mtandao kama mimi ningeingia kutoka Mikocheni. Programu ni za bure: ile iitwayo Grid, iliyoandikiwa palepale Edinburgh, iko wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma, kuirekebisha na kuitumia. Nyavu zenyewe, ambazo ndizo ghali kuzitengeneza, makundi kadhaa ya Ulaya, Marekani na Japani hugawana kupitia mpango wao wa pamoja, International Lattice Data Grid. Nyaya za baharini zilifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009. KENET, TERNET na RENU, mitandao ya vyuo ya Kenya, Tanzania na Uganda, zinaviunganisha vyuo vyetu na vya dunia. Kusini yetu, Cape Town, tangu 2016 kuna Lengau, kompyuta kuu iliyopewa jina la duma kwa Kitswana. Na Kigali kuna taasisi ya fizikia ya msingi chini ya mwavuli wa ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichopo Trieste, Italia, iliyoanza mwaka 2018, inayofundisha shahada za uzamili kwa vijana wa nchi zetu. Hiyo mimi naihesabu kama nusu ya safari. Kijana anamaliza uzamili pale akiwa anaijua kani kali kwa milinganyo yake. Kisha anafanya nini? Wenye bahati wanakwenda Ulaya. Wengine nawakuta kwenye kampuni za mikopo ya simu, wakikokotoa nani hatalipa.

Sitawaambia kwamba kaoni itatibu malaria. Waombaji wengi huahidi hivyo, na mkishadanganywa mara tatu mnaacha kusikiliza. Ninachoweza kukisema bila kuona haya ni hiki: watu waliohangaika na kani kali wamejikuta wakitengeneza mashine ambazo wengine walizihitaji. Chuo cha Columbia kilijenga kompyuta ya kwaki, QCDSP, iliyoshinda tuzo ya Gordon Bell, ya kompyuta kuu, mwaka 1998 kwa kazi nyingi kwa fedha kidogo. Alan Gara, mmoja wa waliokuwa kwenye kazi hiyo, alikwenda IBM akawa msanifu mkuu wa kompyuta kuu za Blue Gene. Na kwenye sayansi yenyewe, hesabu inaweza kuikata hadithi nzima: kwa miaka mingi kipimo cha usumaku wa myuoni kilionekana kupishana na nadharia, watu wakanusa chembe mpya. Mwaka 2025 wananadharia walipokubaliana kutumia namba zilizotoka kwenye wavu, mpishano ukayeyuka. Mimi nilisikitika kidogo, nakiri. Nilikuwa nimeshaizoea harufu.

Sasa, kwa nini miaka kumi na si mitatu? Rudini kwenye ile hesabu ya pioni mbili. Njia ilichapishwa 2001, jibu la kwanza 2015, jibu la kuaminika 2020. Mradi wa miaka mitatu wenye ripoti kila robo mwaka ungekufa mara sita katikati ya safari hiyo. Na msidhani matajiri wana subira ya kuzaliwa nayo. Serikali ya Uingereza iliahidi kompyuta kuu mpya Edinburgh. Agosti 2024 serikali iliyofuata ikafuta mpango huo wa pauni milioni 800. Juni 2025 ikarudi na pauni milioni 750. Miezi kumi ya kuyumba. Lakini walipoyumba hivyo, watu walikuwepo. Walibaki ofisini wakitumia mashine za zamani, wakilalamika kwenye magazeti, wakisomesha wanafunzi. Mashine iliporudi kwenye bajeti ilikuta wenyewe wapo. Kwetu mashine ikifutwa hakuna wa kulalamika, na ikinunuliwa hakuna wa kuiwasha.

Hao wanane nimewapanga hivi. Wawili wazoefu, na kama inabidi mmoja atoke ughaibuni arudi, arudi kwa mkataba unaoeleweka, asiambiwe aje kwanza mengine tutaona. Watatu waliomaliza uzamivu karibuni. Wanafunzi wawili wa uzamivu. Na mhandisi mmoja wa mifumo, ambaye ndiye muhimu kuliko profesa yeyote na ndiye atakayesahauliwa kwenye bajeti. Mshahara wake usipungue ule ambao benki ingemlipa, la sivyo benki itamlipa.

Makao yao yawe popote. Najua kitakachofuata hapa, maana taasisi za Jumuiya zimegawanywa kama mafungu ya nyama: hii Kigali, hii Kampala, ile Zanzibar, ile Kisumu, kila mtu aondoke na furushi lake. Mimi ningewaweka Kigali kwa sababu wanafunzi tayari wako pale. Lakini mkitaka kuwaweka Bujumbura sitagombana, ilimradi wanane wakae chumba kimoja. Msiwagawe mmoja mmoja kwa kila nchi. Hesabu hii hufanywa na watu wanaosikia mtu wa meza ya pili akiguna.

Muda wa mashine ujadiliwe serikali kwa serikali, au Jumuiya na wenye mashine. Profesa mmoja akiandika barua pepe Cape Town au Ulaya anaomba hisani; waziri akisaini anafanya makubaliano. Tofauti hiyo mnaijua vizuri kuliko mimi.

La mwisho halina gharama hata ya shilingi, na huenda ndilo gumu kuliko yote. Kanuni za kupandisha vyeo vyuoni zinahesabu makala: ngapi kwa mwaka, jina la mwandishi liko la ngapi. Makala ya hesabu ya wavu huwa na waandishi kumi au zaidi, majina yakipangwa kwa alfabeti, na inaweza kutoka baada ya miaka minne. Kijana wangu mwenye jina linaloanza na Z atahesabiwa kuwa mwandishi wa mwisho aliyechangia kidogo, naye ndiye aliyeandika programu nzima. Baraza la Vyuo Vikuu, ninyi mnaopewa nakala hapo juu, hili liko mikononi mwenu na halihitaji Bunge.

Mtasema kuna madarasa yasiyo na madawati. Yapo, nimefundisha ndani yake. Ninachoomba si fedha za madawati. Naomba mkate kidogo kwenye fungu ambalo tayari mnaliita la utafiti na ambalo, mkilifungua mkaangalia ndani, mtakuta semina, posho za semina, na ukumbi wa semina.

Bajeti zenu nyingi husomwa Juni. Kabla ya hapo huwa kuna wiki ambayo makatibu wakuu wanakaa na kalamu nyekundu. Niiteni wiki hiyo, mji wowote, nitakuja kwa basi. Nitakuja na kompyuta yangu ya mezani na flashi ya gigabaiti 8 yenye wavu mmoja ndani, na tutaufungua pamoja. Naomba tu chumba kiwe na UPS.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa fizikia,
Dar es Salaam